Nukta Iliyohama Kwenye Fida Namba Tatu: Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi Wetu

Mombasa, 14 Agosti

Kwa Wakurugenzi na Mkuu wa Mafunzo,
Kampuni ya ukandarasi wa umeme inayotuajiri,
Mombasa.

Waheshimiwa,

KUH: MAFUNZO YA KINGA YA MKONDO ULIOZIDI KWA MAFUNDI WA KILOVOLTI 11

Salaam aleikum, na shikamooni kwa mlionizidi umri.

Nawaandikia hadharani kwa shingo upande. Barua ya kwanza niliiacha kwa karani mwezi wa tatu, ya pili mwezi wa tano. Mwezi wa sita nilisema kwa mdomo mbele ya kikao cha usalama, nikajibiwa "tunalishughulikia", tukanywa chai, tukatawanyika. Jina la kampuni silitaji. Mnajijua, na mafundi wenzangu kuanzia Shimanzi hadi Miritini watajiona humu hata kama mwajiri wao ni mwingine.

Nitaanza na usiku wenyewe.

Ilikuwa Februari, joto la kaskazi, saa nane za usiku. Kiwanda cha mteja wetu kule Changamwe kilizima chote kwa mpigo. Tulikuwa watatu zamu: mimi, mwenzangu wa siku nyingi, na kijana aliyekuwa na mwaka mmoja kazini. Kwenye chumba cha swichi tulikuta brekeri kuu, ile inayopokea kilovolti 11, imeruka. Fida tatu, yaani laini zinazotoka hapo kugawa umeme, brekeri zao zilikuwa bado zimefunga, yaani zapitisha umeme, taa zao nyekundu zawaka, na hakuna rilei ya fida, kile kifaa kinachopima mkondo na kuiamuru brekeri ikate, iliyoonyesha alama yoyote ya kukata. Tukaamua hitilafu haiko kwenye fida. Tukarudisha brekeri kuu. Ukasikika mlio uani, mahali fulani upande wa transfoma, na giza likarudi.

Hapa naomba msome polepole. Mwenzangu, fundi wa miaka kumi na tano, mtu ninayemheshimu kama kaka yangu wa tumbo moja, alimwambia kijana: "Nenda kasimame nje na tochi. Nikirudisha, sikiliza yalipukia wapi." Msimwone katili. Ndivyo sote tulivyozoeshwa kutafuta shoti: rudisha, tega sikio, rudisha tena. Mimi nilikuwapo na sikumkataza. Kijana akaenda. Brekeri ilipofungwa mara ya pili, kifuniko cha kisanduku cha kebo kwenye transfoma ya fida namba tatu kiling'oka kikaruka kama sahani. Moto ulimchoma mikono yote miwili na shavu la kushoto. Amepona, kwa namna ya kupona. Mkono wa kulia haukunji ngumi hadi leo, na fundi wa umeme asiyeweza kushika spana mnajua anavyoishi.

Kulipopambazuka nilifungua rilei ya fida namba tatu nikasoma setingi zake. Kwa wakurugenzi wasio mafundi, nieleze kidogo, maana kesi yote imo humo.

Rilei za mkondo uliozidi hupangwa kwa zamu, kama walinzi wa msururu wa maduka. Iliyo karibu na hitilafu ndiyo ikate kwanza. Ya nyuma yake ingoje, ikate pale tu ya mbele ikishindwa. Aina tunayotumia sisi hukata upesi zaidi kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa, na ina kizidisho cha muda, wenyewe twakiita TMS, kinachorefusha au kufupisha kungoja kwake. Fida namba tatu inalisha transfoma ya kVA 1500, ambayo ikibeba mzigo wake wote huvuta ampea 79 hivi upande wa kilovolti 11. Kwenye karatasi za mshauri, rilei yake inaanza kuhesabu ampea 100, TMS 0.1. Rilei ya brekeri kuu inaanza ampea 200, TMS 0.2. Chukueni shoti ya ampea 2000 mpige hesabu ya mkunjo (grafu ya mkondo na muda wa kukata) wa kawaida wa IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme: fida inakata kwa sekunde 0.23, brekeri kuu inangoja hadi 0.59. Katikati pana zaidi kidogo ya theluthi moja ya sekunde. Hiyo ndiyo nafasi ya brekeri ya mbele kufunguka na ya makosa madogo ya vipimo. Kawaida ya kazi hii ni kuacha sekunde 0.3 hadi 0.4. Mshauri alipanga sawasawa.

Nilichokikuta ndani ya rilei ni TMS 1.0.

Nukta ilikuwa imehama. Kwa namba hiyo, shoti ile ile ya ampea 2000 ingeisubirisha fida sekunde 2.27, na brekeri kuu ilishakata zamani. Ndiyo sababu kiwanda kizima kilizima, na ndiyo sababu rilei ya fida haikuonyesha alama na sisi tukaenda kutafuta kusikokuwa. Tena shoti iliyopaswa kuishi sekunde 0.23 iliishi 0.59, kwa hiyo kila tuliporudisha brekeri, kile kisanduku kilipikwa kwa joto la mara mbili na nusu ya lililokusudiwa.

Kulikuwa na kosa la pili ndani ya rilei hiyo hiyo. Kipengele cha kukata papo hapo, mafundi twakiita "hamsini" kwa namba yake, kilikuwa kimezimwa. Niliuliza huku na huku nikaambiwa: kila transfoma ilipowashwa brekeri iliruka, basi fundi mmoja akakizima ili mteja apate stima. Transfoma ikiwashwa huvuta kwa kitambo kifupi sana mkondo unaoweza kufika mara kumi ya ule wa kawaida. Hapa ni karibu ampea 800, na kipengele kilikuwa kimewekwa 500. Ilitakiwa kipandishwe kipite hizo 800, kipite pia shoti ya upande wa pili wa transfoma, ambayo kwa impedansi (ukinzani wa transfoma yenyewe) ya asilimia 6 huonekana huku juu kama ampea 1300. Tuseme 1700. Shoti ya 2000 bado ingekatwa kabla hujapepesa jicho, na kuwasha transfoma kusingesumbua mtu. Aliyekizima namjua. Ni fundi hodari wa kuunga kebo kuliko mimi. Hakuna aliyewahi kukaa naye nusu saa akamwonyesha namba hizo zinatoka wapi.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Mafunzo mnayotupa hayagusi rilei. Mwezi wa nne, baada ya ajali, mlitupeleka hoteli moja ya Nyali kwa siku moja. Mahamri na mbaazi vilikuwa vizuri, sitadanganya. Mkufunzi alisoma slaidi tangu saa tatu hadi saa tisa na nusu. Mkunjo wa rilei tuliuona ukutani kwa sekunde chache. Hakuna aliyepewa karatasi auchore mwenyewe. Mwisho tulijibu maswali kumi ya kuchagua, watu arobaini wote tukafaulu, tukapigwa picha. Nina cheti kinachosema nimehitimu katika kinga ya mifumo ya usambazaji. Yule fundi aliyekizima kile kipengele naye anacho, na siku ile hatukufundishwa neno juu ya mkondo wa kuwashia transfoma.

Nilipokuwa mwanafunzi Tudor, enzi hizo chuo bado kikiitwa Mombasa Polytechnic, mwalimu alitupa karatasi ya grafu yenye mizani ya logi pande zote mbili na penseli tatu za rangi. Mkunjo wa fyuzi kwa nyekundu, wa rilei ya fida kwa bluu, wa brekeri kuu kwa kijani. Mistari ikikutana tu, kazi imekataliwa, anza upya. Nilianza upya mara nne. Zoezi lile lilikula alasiri nzima na gharama yake ilikuwa karatasi. Sijaliona tena tangu niajiriwe.

2. Mashine ya kupimia rilei iko stoo. Ile ya kuingiza mkondo kwenye rilei na kusoma imekata kwa muda gani, kampuni inayo, na ni nzuri. Aliyejua kuitumia alistaafu. Tangu hapo rilei zinakaguliwa kwa macho: taa inawaka, basi nzima. Lau fida namba tatu ingepimwa hata mara moja kwa mkondo wa mara kumi ya kianzio chake, ingetakiwa ikate kwa sekunde 0.3. Ingekata kwa 3. Hata mtoto angeiona hitilafu hiyo kwa saa ya mkononi.

3. Nywila za rilei zote ni zile zilizotoka nazo kiwandani, na hakuna daftari la setingi. Yeyote mwenye kompyuta anaingia, anabadilisha, anaondoka. Sijui nani aliandika 1.0 na hakuna anayejua, maana hakuna mahali palipoandikwa.

4. Fyuzi na brekeri ndogo. Hili nitalipitia haraka kwa kuwa mnalijua na mnalifumbia macho. Kuna nguzo upande wa Likoni ambako fyuzi ya transfoma imewekewa uzi wa waya wa shaba. Mzee mmoja wa zamu yetu aliutazama akasema, "Mwanangu, huo ni wa kufungia kuku." Tukaucheka, tukauacha. Brekeri ya ampea 63 ikiruka mchana kwenye chumba cha mabati, tunaweka ya 100, waya ukabaki ule ule. Brekeri ndogo za kawaida hupimwa kiwandani kwa joto la nyuzi 30. Chumba cha mabati Changamwe, Februari, saa nane mchana, kimeshapita hapo zamani. Fundi aliyefundishwa angeanza kwa kupima joto na mzigo. Brekeri ile iko pale kulinda waya, na ukiikuza peke yake, waya ndio unaogeuka fyuzi, tena ndani ya ukuta wa mtu.

5. Shoti za kwenda ardhini. Pwani hii ina mambo yake. Chumvi ya bahari hujikusanya juu ya vikombe vya nguzo, vile vinavyozuia umeme usifike kwenye chuma, kipindi cha kiangazi, kisha manyunyu ya kwanza huilowesha na umeme ukatambaa juu yake hadi kwenye chuma. Kuti la mnazi likianguka kwenye laini, au kunguru wetu hawa wakijenga kiota kwa vipande vya waya juu ya mkono wa nguzo, mambo ni hayo hayo. Mkondo unaokwenda ardhini mara nyingi ni mdogo, na waya ukiangukia mchanga mkavu au matumbawe unaweza kuwa ampea chache tu. Rilei inayoanza ampea 100 haitauona kamwe. Kwa hilo kuna rilei ya ardhini, yenye kianzio cha chini zaidi. Kwenye mafunzo ya Nyali ilitajwa mara moja, kwa jina.

Najua mtakayosema, kwa kuwa mengine mmeshayasema.

Mtasema setingi ni kazi ya mshauri kutoka Nairobi. Ni kweli, na alizipanga vizuri. Karatasi yake iko kwenye faili, imeandikwa 0.10, tena kwa tarakimu mbili baada ya nukta ili mtu asikosee. Kidole kilichobonyeza 1.0 ni cha hapa nyumbani.

Mtasema rilei za siku hizi ni za kompyuta, zinajichunguza zenyewe. Zinachunguza kama saketi zake ni nzima. Ukiiambia ingoje sekunde mbili itangoja sekunde mbili kwa utiifu wote, haitakuuliza kama una akili timamu.

Mtasema mafundi wana leseni za EPRA, mamlaka ya nishati. Wenye nazo wanazo, kwa madaraja yao. Leseni inanipa idhini ya kufanya kazi. Haijui kama jana nimesahau ya mwaka juzi.

Kuna lililosemwa kikaoni likaniuma, kwamba ile ilikuwa ajali tu, kudra. Mimi ni Muislamu, siipingi kudra. Lakini tumeambiwa tumfunge ngamia kwanza ndipo tutawakali. Mnakumbuka 7 Juni 2016, tumbili alipoangukia transfoma kwenye kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, mitambo mingine ikaelemewa na nchi nzima ikalala gizani kwa zaidi ya saa tatu? Tulicheka sana, hasa tuliposikia tumbili mwenyewe kapona. Tumbili kuanguka ni kudra. Transfoma moja ikianguka iangushe na nini pamoja nayo, hilo lapigiwa hesabu mapema na watu waliofundishwa. Kwetu Changamwe hapakuwa na tumbili.

Na mtasema pesa. Kampuni inalipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 za kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na mwajiri aliyelipa anaruhusiwa kudai arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Sijasikia kama tumewahi kudai. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi wa kuwaweka salama, na siamini kwamba mahamri yanahesabiwa humo. Ama ile hofu ya kwamba fundi akifundishwa ataondoka, wengine wataondoka kweli. Aliyefikishwa hospitali naye hayuko kazini.

Ninayoomba:

(a) Mafunzo ya siku tano, ya vikundi visivyozidi watu wanane, kwa kila fundi anayegusa kilovolti 11. Siku ya kwanza ni kukokotoa shoti kwa mkono, bila kompyuta. Kisha mikunjo kwenye karatasi, penseli tatu. Kisha siku mbili nzima na mashine ya stoo, rilei halisi mezani, kila mmoja aiseti, aipime, aikosee makusudi, aone inachokata na isichokata. Siku ya mwisho ni CT, transfoma ndogo zinazoipimia rilei mkondo: namna ya kuziunga ncha zake pamoja kabla ya kugusa waya zake, kwa kuwa CT iliyoachwa wazi huku laini ikibeba mzigo inapandisha volti za kuua mtu.

(b) Mtihani wa vitendo ambao mtu anaweza kuanguka. Akianguka afundishwe tena, asifukuzwe.

(c) Nywila mpya, na daftari moja la setingi kwa kila chumba cha swichi. Anayebadilisha namba aandike jina lake, sababu na tarehe, na mtu wa pili aisome rilei na kutia sahihi kabla brekeri haijafungwa.

(d) Marufuku iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni: brekeri ya kilovolti 11 iliyoruka hairudishwi mpaka rilei zote zisomwe na kebo ipimwe. Kumsimamisha mtu nje asikilize, mwiko.

(e) Yule kijana alipiwe matibabu ya mkono mpaka mwisho, na akiweza, awe wa kwanza kwenye hayo mafunzo. Ameniambia mwenyewe kwamba anataka kujua ni nini kilitokea.

Naomba jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, kabla mvua za vuli hazijaanza kulowesha chumvi.

Jambo moja haliwezi kungoja jibu. Februari niliirekebisha TMS ya fida namba tatu kwa idhini ya simu kutoka kwa msimamizi, na ikarudi 0.1. Kipengele cha papo hapo sikuruhusiwa kukigusa. Niliambiwa kingoje mshauri. Kingali kimezimwa. Nimebandika kipande cha plasta nyeupe juu ya rilei, nimeandika "50 IMEZIMWA" kwa kalamu ya wino mzito. Juzi nilipopita, plasta ilikuwa imeanza kubanduka kwa jasho la chumba. Mtu mwenye idhini aende na kompyuta. Nitakuwa karakana kila siku kuanzia saa moja na nusu asubuhi, nitamsindikiza.

Wenu mtiifu,
Fundi wa zamu ya usiku, karakana ya Shimanzi